Dira ya Kariakoo na fito ya Makongo

Dira ya kibla, ya kuonyesha upande wa Makka tunaouelekea katika sala, niliyouziwa Kariakoo ilikuwa nzuri kuitazama. Ya rangi ya shaba, kifuniko kina picha ya Kaaba, ndani sindano nyekundu na kijitabu cha namba za miji. Muuzaji alianzia shilingi 45,000, akaapa mara tatu, tukaafikiana 25,000. Nilitoka pale kifua mbele, nikijua nimemaliza kazi iliyonitoa Tanga.

Kazi yenyewe ni hii. Msikiti wetu, nje kidogo ya mji kwenye njia ya Pangani, tumeubomoa ule wa udongo na tunajenga wa matofali. Tulipofika hatua ya kupanga mihrabu, pale mbele anaposimama imamu, kijana mmoja akatoa simu akasema kibla ni huku. Wa pili akatoa yake, ikaonyesha kwingine, tofauti yake si ndogo. Fundi naye akashikilia kufuata alama ya ukuta wa zamani. Maneno yakawa mengi, na Ijumaa moja nikaona kwa macho yangu watu wanasali safu mbili zisizolingana kwenye turubai moja. Mimi nasomesha madrasa hapo mwaka wa 22 sasa. Wazee wakaniambia: Maalim, si unakwenda Dar kumfuata yule mfadhili wa bati? Tuletee na jibu la kibla.

Safari ya basi sitaki kuisimulia sana. Nauli 20,000, kiti changu hakikuegemea, na basi la saa 12 liliondoka saa 1 na nusu. Pale stendi ya Mbezi bajaji akaniambia 30,000 hadi Kariakoo. Nikabeba begi langu nikatafuta gari la watu wote. Gesti 40,000 kwa chumba ambacho maji unachota mwenyewe kwa ndoo. Mfadhili alituahidi bati 60, akatupa 40, Mungu amlipe kwa hizo 40.

Usiku ule ndipo nilipoijua dira. Baada ya Isha nilibaki msikitini, nikaiweka sakafuni mbele ya mihrabu. Ikaelekea kushoto, mbali kabisa. Nikasogea hatua mbili, ikaelekea kulia. Nikaigongagonga, sindano ikakwama. Mzee mmoja aliyekuwa akimalizia uradi wake alinitazama kwa muda, akasema, "Hizo hata mimi nilinunua." Asubuhi nilirudi kwenye meza ile nikamkuta kijana mwingine kabisa. Hamjui wa jana, hana habari za jana, na bidhaa ikishauzwa hairudi. Iliniuma. Fedha ile ilikuwa ya sadaka, watu wametoa mia tano tano, na mtu anaitumia picha ya Kaaba kukuuzia chuma kibovu.

Nilitembea kwa hasira hadi Mtaa wa Lumumba, na nitaueleza kidogo kwa sababu nimeufikiria sana tangu nirudi. Zamani ukiitwa New Street. Jumuiya ya Al-Jamiatul Islamiyya, iliyoundwa hapa Dar mwaka 1933, ilikuwa na shule yake kwenye mtaa huo, Waislamu wa mjini wamechanga wenyewe ili mtoto asome Kurani na hesabu chini ya paa moja. Na ni kwenye mtaa huohuo, Oktoba 1961, ndipo chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilipoanzia, ndani ya jengo la TANU, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria, kabla hakijahamia Mlimani mwaka 1964. Leo ukipita unaona maduka na watu wanasukumana. Mimi nilipita pale mara ngapi maishani bila kujua hata hilo moja?

Nikampigia simu mpwa wangu Mwanaidi, mtoto wa dada yangu, anayesoma upimaji Chuo Kikuu Ardhi. Nilitaka kumsalimia tu na kumwachia zile ndizi alizotuma mama yake. Nilipomweleza habari ya dira alicheka, kisha akauliza, "Mjomba, leo tarehe ngapi?" Nikamwambia 28 Mei. Akasema, "Basi njoo sasa hivi. Usikae kunywa chai. Uwe umefika kabla ya saa sita."

Kutoka Kariakoo hadi Makongo nilisimama njia nzima, kwapa la mtu usoni. Saa tano na nusu nilikuwa getini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Masomo?"

"Namshukuru Mungu. Mjomba, huko kwenu mlipimia wapi hizo simu?"

"Palepale msingini, pa mihrabu."

"Nondo zilikuwa wapi?"

Nikanyamaza. Nondo zote tulizonunua tulizirundika palepale, hatua tatu kutoka mihrabu, zisiibwe.

"Sindano inafuata sumaku, mjomba. Simu nazo zina kidude cha sumaku ndani. Ukiziweka karibu na chuma zitafuata chuma. Na hata pasipo chuma, kaskazini ya sumaku na kaskazini ya kweli si kitu kimoja. Leo tutaacha sumaku, tutatumia jua."

Alikuwa na fito ya kupimia, ile yenye mabaka mekundu na meupe, na uzi uliofungwa nati nzito uwe timazi. Tukaenda nyuma ya bweni kwenye sakafu ya saruji. Alisimamisha ile fito, akaitia timazi upande huu, akaitia upande ule, akairekebisha kwa vijiwe hadi ikasimama wima kabisa. Alipima urefu wake: mita moja kamili. Nikamtazama mikono yake. Ni mikono ya mama yake, vidole virefu, anavyoshika uzi ndivyo dada yangu anavyoshika ukili.

Akanieleza huku amechuchumaa. Mara mbili kwa mwaka jua linapita sawasawa juu ya Kaaba: tarehe 27 au 28 Mei, na tena tarehe 15 au 16 Julai. Ile ya Mei ni saa sita na dakika 18 za mchana, na saa ya Makka na saa yetu ni moja. Kwa dakika hiyo, kitu kilichosimama wima Makka hakina kivuli. Na kwetu sisi, ukitoka ncha ya kivuli ukafuata hadi kwenye shina la fito, uso wako umeelekea kibla. Huhitaji dira, huhitaji simu, unahitaji saa inayosema kweli tu.

Saa sita na dakika 5 likaja wingu. Masika yalikuwa yanamalizikia na mbingu ya Dar haikuwa na msimamo. Kivuli kikafifia, kikapotea. Mwanaidi hakusema kitu, alikaa na chaki mkononi anatazama juu. Mimi nilikuwa nasoma kila ninachokijua. Dakika 12, wingu bado. Dakika 15 upepo ukalisogeza kidogo, sakafu ikawa kijivujivu. Dakika 17 jua likatoka kwa nguvu moja, kivuli kikajichora chini kama mtu amekivuta kwa wino. "Sasa!" akasema, akaweka alama ya chaki penye ncha, akapiga mstari hadi shinani.

Mstari ulikwenda kaskazini. Kaskazini kabisa. Akanionyesha kwenye daftari: Dar na Makka karibu ziko kwenye longitudo moja, kwa hiyo kibla cha Dar kimepotoka kaskazini ya kweli kwa nyuzi moja tu kuelekea mashariki, na cha Tanga nyuzi moja na nusu. Nikakumbuka wazee wetu wa baharini, kaskazini wao huiita kibla. Walijua.

Halafu akapima urefu wa kivuli. Sentimita 54. "Unaona, mjomba? Makka sasa hivi kivuli ni sifuri, hapa ni 54 kwa fito ya 100. Ukitafuta pembe yake kwa tanjenti, yaani kivuli ukikigawa kwa urefu wa fito, unapata nyuzi 28 na kidogo. Hizo ndizo nyuzi za duara la dunia zilizoko kati yetu na Kaaba. Umbali ni kama kilomita 3,120. Zidisha kwa 360, gawa kwa 28 na hicho kidogo, unapata duara la dunia zima, karibu kilomita 40,000."

Alisema hivyo kama anayesoma bei ya nyanya. Mimi nilishindwa kuinuka pale chini.

"Hii tanjenti," akaendelea, "unajua kwa Kiarabu waliiitaje? Dhilli. Kivuli. Mwalimu wetu alituambia: watu kama Habash al-Hasib, kule Baghdad karne ya 9, walitengeneza majedwali yake."

Dhilli! Neno hilo nalisomesha kila mwaka. Kwenye mlango wa nyakati za sala tunasema Alasiri inaingia kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na kitu chenyewe, ukiondoa kile kivuli cha istiwai, kinachobaki jua likiwa juu kabisa mchana. Watoto wanaliimba hilo kwa kughani, wanalijua kwa moyo, wanapasi mtihani. Kwa miaka 22 sijawahi kuwatoa nje, nikasimamisha kijiti, nikawaambia tazameni. Nasomesha kivuli ndani ya chumba chenye madirisha mawili, na saa ya Alasiri naisoma kwenye kalenda iliyochapwa Dar.

Mwanaidi alinipa wali wa bwenini, tukakaa chini ya mwembe. Nikamuuliza kama wao wasichana wanaosali wanaonwa vipi hapo chuoni. Akasema hapo hana tabu. Tabu yake ni nyumbani, anapoulizwa amalize lini aolewe. Nikainamisha kichwa.

Maana iko habari ambayo yeye haijui, au anaijua na amenistahi. Mama yake alifaulu darasa la saba mwaka 1994, akachaguliwa sekondari ya bweni. Baba akaniita mimi, mtoto wake mkubwa niliyekuwa nasoma dini, akaniuliza shauri. Nikasema: amekwisha kuhitimu Kurani, yamtosha. Nilisema kwa nia njema. Babu yetu alikuwa akituhadithia enzi za Wajerumani na Waingereza, shule nyingi ni za misheni, mtoto anakwenda Juma anarudi na jina jingine. Hofu ile ilikuwa na sababu yake. Lakini Tanga yetu ilikuwa na shule ya serikali tangu mwanzo wa miaka ya 1890, isiyobatiza mtu, na mwaka 1994 hapakuwa na yeyote anayetaka kumbadili dada yangu jina. Sababu ilikuwa imekwisha ondoka, hofu tukabaki nayo sisi, tukaipa jina la dini.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hilo. Konda alinitoza 15,000 kwa boksi la misumari, nikalipa bila kubishana, kichwa hakikuwepo. Nilikuwa namfikiria Ibn al-Shatir, ambaye Mwanaidi alinionyesha habari zake kwenye simu. Karne ya 14, Damascus, kazi yake ilikuwa muwakkiti, mpimaji wa nyakati za sala, wa Msikiti wa Umawiya. Yaani msikiti ulimwajiri mtu wa nyota, kama sisi tunavyomwajiri muadhini! Mwaka 1371 aliuwekea msikiti ule saa ya jua, na hesabu zake za mwendo wa mwezi zilikuja kuonekana tena, zilezile, kwa Copernicus, yule mtu wa nyota wa Ulaya. Miaka 200 baada yake, Istanbul, Sultani akajengewa kituo cha kutazama nyota mwaka 1577, na mwaka 1580 kikabomolewa. Nilikuwa nikidhani siku zote kwamba elimu ya dini iko chumba hiki na elimu ya dunia chumba kile, na ndivyo ilivyoshuka. Kumbe huo ukuta ulijengwa na watu, na wengine wamekuwa wakiubomoa: Waislamu wamefungua chuo kikuu Tunguu, Unguja, mwaka 1998, wakafungua Morogoro mwaka 2005. Na mimi mwalimu wa watoto 70 nilikuwa bado napaka chokaa upande wangu.

Wazee nimewapa jibu. Kijana wa simu ya pili hajaridhika, nami sikutaka tubishane tena, nikawaambia tusubiri tarehe 16 Julai, saa sita na dakika 27, jua litakapopita tena juu ya Kaaba, kila mmoja aone kwa macho yake. Nondo tumezihamishia uwanja wa pili. Fito ameichonga fundi, mvule, mita moja kamili. Watoto wote wa madrasa watakuwepo, wasichana mbele, kila mmoja na kijiti chake.

Dada yangu nilimpelekea lile karatasi la Mwanaidi lenye mstari na hesabu. Alilikunjua, akaligeuza upande wa pili, akalirudisha. Akapitisha kidole juu ya namba 40,000.

"Hii ndiyo nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia pia la mwaka 1994, nikamwomba radhi. Alikaa kimya muda mrefu, anasuka ukili wake. Kisha akauliza kama mtoto alikuwa amekonda, na kama zile ndizi zilifika hazijaiva sana.

Nikamuomba tarehe 16 aje ashike uzi wa timazi. Akasema atakuja, lakini saa sita ni saa ya kupika, kwa hiyo tusimcheleweshe.