Siku niliyompa mdogo wangu funguo

"Leseni unayo?" nilimuuliza huku nikimkabidhi funguo. Mdogo wangu akapigapiga mfuko wa nyuma wa suruali. "Ninayo, Dada." Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Ilikuwa 2019, Morogoro. Mama alikuwa na kliniki hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, na mimi nilikuwa nasimamia mitihani, nisingeweza kutoka. Kwa goti lake lile, basi lingemtesa. Mdogo wangu alishazunguka sana na gari langu dogo, IST, sokoni, kanisani, hadi shambani Mzumbe, na hakuwahi kuirudisha hata na mkwaruzo. Nikajaza mafuta usiku, nikamwekea Mama mto kwenye kiti cha nyuma, alfajiri wakaondoka.

Nilikuwa na amani kwa sababu nilikuwa nimekata bima kubwa, ile inayotengeneza hata gari lako mwenyewe. Wenzangu wengi kazini walikuwa na bima ndogo, ile ya kumlipa uliyemgonga tu, 118,000 kwa mwaka, wakimfikiria trafiki tu. Mimi gari nilikuwa nimelinunua kwa mkopo, thamani yake milioni 10, nikalipa asilimia 3.5, yaani 350,000, na VAT juu yake: jumla 413,000. Kwa mshahara wa mwalimu hiyo ni pesa ya kujinyima.

Jioni wakiwa wanarudi, Chalinze, Noah iliyokuwa mbele yao ilifunga breki ghafla na mdogo wangu akaigonga kwa nyuma. Simu yake nilipoipokea, neno la kwanza lilikuwa, "Dada, Mama mzima." Mungu ambariki kwa kuanza na hilo. Boneti ilikuwa imekunjika, rejeta inavuja, taa zote mbili za mbele zimekwenda. Nikamwambia asilie, bima ipo.

Siku tatu baadaye tukaenda wote wawili ofisi ya bima na ripoti ya polisi, ambayo kwa haraka zangu nilikuwa sijaisoma. Afisa alikuwa dada mpole, wa umri wangu.

"Mwalimu, aliyekuwa anaendesha ni nani?"

"Huyu mdogo wangu. Nilimruhusu mwenyewe." Niliharakisha kusema hivyo kwa kuwa niliogopa watasema bima ni yangu mimi peke yangu.

"Ruhusa haina shida," akasema. "Bima yako inamkubali mtu yeyote uliyemruhusu. Naomba leseni yake."

Akaipokea ile kadi, akaitazama, kisha akaisogeza upande wangu wa meza na kuweka ncha ya kalamu kwenye herufi moja. A. Daraja la pikipiki. Mdogo wangu aliikata alipoanza bodaboda. Gari dogo la binafsi lina daraja lake, na hilo hakuwa nalo. Akafungua waraka wa bima, ule niliousaini bila kuusoma, na kunionyesha sentensi yenyewe kwa Kiingereza. Nikaisoma mara mbili: mwenye gari, au mtu anayeendesha kwa agizo au ruhusa yake, mradi awe na leseni ya kuendesha gari la aina hiyo.

Mradi. Miaka yote nimewafundisha wanafunzi uzito wa neno hilo katika sentensi.

Nilibisha. Nikasema anaendesha vizuri kuliko wengi wenye daraja hilo, na bado naamini hivyo. Dada yule aliniacha nimalize, akanieleza taratibu kwamba gari langu hawatalitengeneza. Akaongeza kuwa kama kungekuwa na majeruhi kwenye Noah, sheria ingemlinda aliyeumia, kampuni ingemlipa, halafu ingenigeukia mimi niirudishie. Hapo ndipo mikono ilianza kunitetemeka. Pesa ya boneti ningeitafuta. Lakini fidia ya mguu wa mtu, au ya uhai wake? Na Mama alikuwa kwenye gari lile.

Mdogo wangu hakusema neno mpaka tulipofika nje. "Dada, uliniuliza kama ninayo, nami ninayo." Nikamshika bega. Sikuwa na la kumlaumu; nilimuuliza swali nusu, akanijibu lote.

Mwenye Noah tulielewana, nikamlipia taa na bampa. IST ilikaa gereji wiki saba, ikisubiri mshahara na mchango wa mdogo wangu, aliyekuwa akiniletea noti za elfu tano tano za bodaboda zimekunjwa ndani ya kopo la plastiki. Mwezi wa pili akaniomba apumzike kidogo kuchangia, kwa kuwa amejiandikisha kozi ya udereva chuo cha ufundi cha VETA. Nikamrudishia kopo na kilichokuwamo, kikamsaidie ada.

Kliniki iliyofuata ya Mama niliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikampeleka mwenyewe.