Herufi moja

Jumapili, saa nne usiku, Sinza.

Jana niliwaandikia wenzangu wa mradi kuwakatalia, na tangu hapo sijatulia. Walichoomba si cha ajabu. Kati yetu sote ni mimi peke yangu, daktari wa magonjwa ya akili, ninayekaa na wagonjwa, basi wakasema niombe ridhaa ya wachache, niweke kinasa sauti mezani, na mazungumzo yakishafutwa majina yaingie kwenye data ya kuifundisha modeli, yaani programu inayojifunza lugha kwa kusoma mifano mingi. Lengo letu ni programu ya kusoma ujumbe wa Kiswahili na kumwonyesha mhudumu wa afya nani asisubiri foleni. Hoja yao ina uzito. Modeli yetu imesoma magazeti, imesoma jumbe za mitandaoni, imesoma sentensi ambazo watu waliojitolea walituandikia. Kiswahili cha mtu anayeumia, akiwa amekaa mbele ya anayemsikiliza, haijakisoma hata siku moja.

Nimekataa kwa sababu ya mama mmoja. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya, na nimebadilisha mengi ili hata binti yake akisoma asimtambue.

Anauza vitenge Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Alikuja kwangu Upanga mara ya kwanza kabla ya masika, ameletwa na presha isiyoshuka na barua ya daktari mwenzangu aliyechoka kumwongezea vidonge. Ni mkubwa kwangu, nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Za nyumbani?"

"Njema tu, namshukuru Mungu."

"Watoto?"

"Wazima kabisa."

"Na biashara?"

"Inakwenda mwanangu, hatulalamiki."

Jioni ile, kwa ajili ya kujifunza tu, niliandika majibu manne ya kutunga yanayofanana na hayo, nikayapitisha kwenye modeli yetu. Yote manne yalitoka chanya, yaani ya mtu asiye na shida. Na kwa kusoma maneno peke yake haijakosea, maana hivyo ndivyo tulivyolelewa: hujamaliza salamu, huruhusiwi kuumwa. Shida inakuja baada ya salamu, tena inakuja kwa mlango wa nyuma.

Kwake ilikuja kupitia jirani. "Ila nina jirani yangu pale," akasema, huku akikunja ncha ya mtandio na kuikunjua, "huyo ndiye anayenitia huruma. Halali. Anaamka saa nane za usiku, anakaa kitandani mpaka alfajiri." Nikauliza huyo jirani akiamka anawaza nini. Tukamzungumza jirani saa nzima. Tukamzungumza tena wiki iliyofuata, na iliyofuata tena: mume wake aliyefariki, deni la upatu, mtoto wa kiume asiyepiga simu. Sikuwahi kumwambia kwamba nimeelewa. Katika tiba ya mazungumzo kuna mambo ukimvua mtu mapema umemwacha uchi.

Wiki ya nne mvua ilikuwa inanyesha, Jangwani kumejaa maji, amechelewa kwa sababu mwendokasi halipiti. Akakaa, akajifuta uso, akaanza kama kawaida kuhusu jirani. "Jana tena. Anaamka, saa ni ileile. Naamka, nakaa, naangalia ukuta."

Herufi moja ilianguka. Anaamka, naamka. Hakuinua macho. Nami sikusogea, sikuandika kitu, nadhani hata kupumua nilipumua polepole. Tukakaa kimya dakika nzima labda, tukisikiliza maji yakishuka kwenye bati la jengo la pili. Kisha akasema, "Unaona mwanangu." Nikamjibu, "Naona mama."

Ni hiyo herufi ninayoiwaza tangu jana. Kwa programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, "anaamka" na "naamka" katika usemi wa haraka yanaweza kuwa kitu kimoja. Itachagua neno inalolikuta mara nyingi zaidi kwenye data yake, iendelee. Kwa modeli ya maandishi, inayokata maneno vipande vipande kabla ya kuyasoma, kitenzi chetu tayari kina matatizo. Sisi tunambeba mtendaji, wakati na mtendwa ndani ya neno moja: "hajanipigia" ni hadithi nzima ya mama na mwanawe. Vikataji vingi vimefunzwa zaidi kwa Kiingereza, vinakata pasipo na maungio, na kile kisilabi kidogo kinachosema nani anaumia kinabaki kimening'inia kwenye kipande kisichomhusu. Hilo linarekebishika, na sehemu ya utafiti wangu ni kulirekebisha. Jumuiya ya Masakhane, iliyoanza mwaka 2019, imeonyesha kwamba watafiti wa Afrika wakishikana lugha zetu zinafanyiwa kazi kwa heshima, na mengi niliyojifunza kuhusu kukata Kiswahili nimeyapata kwa watu wa aina hiyo.

Ninalojua, na kwa hili siyumbi, ni kwamba kinasa sauti kingekuwa mezani ile herufi isingeanguka. Angeendelea kuzungumza habari za jirani mpaka leo, na presha yake iko palepale.

Lipo na jambo la pili, ambalo wenzangu wa kompyuta hawakulifikiria, nami siwalaumu kwa sababu hawakai chumba kile. Mgonjwa wangu anaponiambia kwamba amewahi kujaribu kujiua, anaitamka habari ambayo sheria yetu ya jinai imekuwa ikiihesabu kuwa kosa. Wengi wanalijua hilo, ndiyo maana wanazunguka. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na nimeisoma kwa furaha. Lakini sauti ya mtu haifutiki jina. Kariakoo nzima ingemjua mama yule kwa "hatulalamiki" yake tu.

Nilipokuwa kwenye mafunzo ya magonjwa ya akili niliwasoma watu wawili waliogombana juu ya jambo hilihili la kumweka mgonjwa mbele ya mashine, kabla sijazaliwa. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alichapisha maelezo ya ELIZA, programu iliyomwigiza mtabibu kwa kumrudishia mtu maneno yake kama swali. Katibu wake mwenyewe, aliyejua fika kwamba ni mashine, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faragha. Weizenbaum akashtuka, na mwaka 1976 akaandika kitabu kizima cha kuonya. Upande wa pili alikuwa Kenneth Colby, daktari na mtabibu wa mazungumzo aliyehamia kwenye kompyuta. Yeye na wenzake waliandika, mwaka uleule wa 1966, kwamba mfumo wa kompyuta ungeweza kuhudumia wagonjwa mamia kadhaa kwa saa, mahali ambapo watabibu ni haba.

Nikiwa mwanafunzi nilikuwa na Weizenbaum moja kwa moja. Colby nilimwona kama mtu aliyelisaliti joho lake. Sasa nimekaa kwenye kliniki miaka, naona kina mama waliotoka Mbagala saa kumi alfajiri wakisubiri hadi mchana ili wapate dakika kumi na mimi, na siwezi tena kumtupa Colby kirahisi. Uhaba alioutaja ndio huu ninaouamkia.

Kuna kazi yake nyingine ninayoipenda zaidi. Mwaka 1972 aliunda PARRY, programu iliyoigiza mgonjwa: kijana wa miaka 28, karani wa posta, anayecheza kamari ya farasi na kuamini kwamba Mafia wanamwinda. Ndani yake kulikuwa na namba za hofu, hasira na kutoamini, zikipanda kila unapomgusa pabaya. Madaktari wa akili waliopewa mazungumzo yake pamoja na ya wagonjwa wa kweli walipotakiwa kusema yupi ni mashine walipatia karibu nusu tu, sawa na kurusha sarafu. Watu hulitaja jaribio hilo kwa sababu ya ule mchezo wa kudanganya. Mimi hunishika kwamba daktari alilazimika kuandika, mstari kwa mstari, nini hasa kinamfanya mtu aliyejaa shaka afunge mdomo. Kuna usiku nikipanga programu najikuta nauliza swali ambalo kliniki haikuwahi kunilazimisha kulijibu, na wiki inayofuata namsikiliza mgonjwa vizuri zaidi.

Kwa hiyo sijaiacha kazi. Ijumaa usiku tulikuwa tunaweka lebo, watu watatu: mimi, muuguzi niliyefanya naye kazi muda mrefu, na kijana anayesomea kompyuta. Kila sentensi inapewa lebo moja kati ya tatu: kawaida, dhiki, hatari. Tumefika sentensi ya 412, iliyoandikwa na mmoja wa waliojitolea: "Nimechoka jamani, bora nipumzike tu."

Kijana aliandika kawaida. Muuguzi aliandika hatari. Mimi niliandika dhiki.

"Dada, huyu katoka kazini," kijana akasema. "Kapanda daladala mbili, anataka kulala."

"Mdogo wangu," muuguzi akamwambia, naye alikuwa ameweka kalamu chini, "pale wodini tunasema nani amepumzika?"

Kijana akanyamaza. Kwetu marehemu hupumzika. Neno ni lilelile la siku ya mapumziko, lilelile la kwenye rambirambi, na hakuna kiambishi cha kukuambia ni lipi. Tulipopiga hesabu ya kappa, wawili wawili, kile kipimo cha Jacob Cohen cha mwaka 1960 cha kuona waweka lebo wanakubaliana kiasi gani ukishaondoa makubaliano ya bahati nasibu, ilitoka chini kuliko nilivyotarajia. Zamani ningehesabu kwamba mmoja wetu anakosea, nimfundishe. Safari hii nilipitia zote tulizotofautiana, moja moja, na nyingi zilikuwa za aina hiyohiyo: nimechoka, nataka niondoke, mniache, yataisha tu. Sote watatu tulikuwa sahihi. Sentensi yenyewe ndiyo iliyokuwa bado haijaamua.

Kijana ndiye aliyelipata. Alikaa na kompyuta yake kimya, kisha akaigeuza tuone. Alikuwa ameongeza safu ya nne upande wa kulia, na juu yake ameandika: muulize tena. Yaani programu ikifika hapo isibashiri. Imwambie mhudumu kwamba mtu huyu hajamaliza kusema, ampigie.

Muuguzi alimshika bega. Mimi nilihitaji kwenda jikoni kuchemsha chai.

Wenzangu hawajanijibu barua yangu. Huenda wakakasirika, huenda fedha za mwaka wa pili zikawa ngumu. Nimewaeleza kwamba ninachokisikia chumbani kinaweza kubadilisha ninavyouliza na ninavyoweka lebo, ila sauti ya mgonjwa haitoki mlangoni. Na nimewaeleza kwamba zile sentensi 411 za kabla tulizilazimisha kwenye safu tatu, kwa hiyo kesho jioni, nikitoka kliniki, tunaanza tena na ile ya kwanza.