Mjamzito na jani bichi la tumbaku

Muulize mjamzito wa Urambo au Kaliua, wilaya za Tabora zinazolima tumbaku, kama anavuta sigara, atajibu hapana, na kadi ya kliniki itajazwa hivyo hivyo. Hajadanganya. Lakini kama asubuhi hiyo ametoka kuchuma tumbaku yenye umande, nikotini imo kwenye damu yake na imeshavuka kondo la nyuma kwenda kwa mtoto. Swali linalopaswa kufuata ni: unachuma tumbaku?

Nikotini huyeyuka kwenye maji. Jani likilowa mvua, umande au jasho, nikotini huingia kwenye ule unyevu na kupenya ngozi. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wamekadiria kuwa mililita 100 za umande wa tumbaku zaweza kuwa na hadi miligramu 9 za nikotini. Mvutaji hupata kama miligramu 1 hivi kwa sigara moja. Si yote inayoingia mwilini, ila blauzi iliyolowa na kugandia mgongoni tangu alfajiri huipa muda wa kutosha. Na kwa kuwa mavuno ya Tabora huangukia msimu wa mvua, zipo siku shamba halikauki kabisa.

Mwangalie mchumaji. Anainama, anavunja majani mawili matatu ya chini kwenye kila mche, anayabana kwapani, anahamia mche unaofuata, mpaka mzigo ujae. Kwapani ngozi ni laini, ina joto na jasho, na vikonyo vilivyovunjwa sasa hivi vinatoa utomvu. Ule ulimbo mweusi unaoganda viganjani ndio huohuo. Kama familia itabadilisha jambo moja tu, libadilishwe hili: majani yatandazwe kwenye turubai au yatiwe kwenye tenga.

Dalili za sumu ya nikotini huja muda wa saa 3 hadi 17 baada ya kazi: kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, kichwa kuuma, jasho, mwili kulegea. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanza, maana kila mtu atasema ni mimba changa, au malaria. Fuatilia siku. Kichefuchefu cha mimba kwa kawaida hupungua baada ya mwezi wa tatu au wa nne. Kinachorudi jioni ya kila siku ya kuchuma na kuisha baada ya siku mbili za kupumzika kina sababu nyingine. Malaria ipimwe hata hivyo. Mimba ikishapita wiki 20, kichwa kinachouma sana pamoja na kuona maluweluwe au kuvimba uso si cha kusubiri nyumbani, kwani huenda ni dalili za kifafa cha mimba. Na kama shamba lilipuliziwa dawa, kisha mate yanamtoka hovyo na mboni zimesinyaa, mwahishe hospitali na kopo la dawa mkononi.

Mume anayevuta atauliza mbona yeye haumwi. Mwili wake umeshaizoea nikotini, basi. Ya mtoto tumboni ni mengine: nikotini hudhuru ubongo na mapafu yanayojengeka.

Bani, yaani nyumba ya kukaushia tumbaku, nako kuna hatari yake. Moto wa kuni hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu, inayoshika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu ya mtoto tumboni huchelewa zaidi kuiachia. Mjamzito asikeshe akichochea moto, wala asilale chumba kilichohifadhi tumbaku kavu. Kupanga tumbaku kwa madaraja kufanyike nje, kwenye kivuli, kwa sababu ya vumbi.

Bora zaidi abadilishane kazi: yeye mahindi, mwingine tumbaku. Ikishindikana kabisa, asubiri majani yakauke umande, avae glavu ndefu za mpira (za kitambaa hulowa na kuishikilia nikotini) na aproni ya plastiki. Plastiki huleta joto, kwa hiyo anywe maji na apumzike kivulini mara kwa mara. Ndoo na sabuni viwe pembeni mwa shamba. Kunawa tu mikono huondoa sehemu kubwa ya nikotini iliyo juu ya ngozi. Akizidiwa, atolewe shambani, avuliwe nguo zilizolowa, aogeshwe kwa sabuni, anywe maji kidogo kidogo. Kutapika kusipokoma, aende kituo cha afya.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto. Shida ni kwamba kwenye mashamba mengi ya tumbaku mwajiri ndiye mume, na wa kumkagua hayupo.

Baada ya kujifungua tahadhari ni zilezile, kwani nikotini hupita kwenye maziwa. Asiache kunyonyesha. Aoge na kubadili nguo kwanza, na za shambani zifuliwe kwenye beseni lake, mbali na nepi.