Gubiti ya msumarini

Ubuyu haujawahi kupotea Dar. Achari ya embe ipo, kashata ya nazi ipo, pipi kifua unaipata kwa Mangi yeyote. Mimi tangu Ramadhani nilikuwa natafuta gubiti, ile pipi ya sukari ya kuvutwa kwa mkono, nyeupe yenye mstari mwekundu, iliyokuwa ikigandia karatasi ya daftari mpaka unaila pamoja na hesabu za mtu.

Tulikuwa tukiinunua Idi Pili, Mnazi Mmoja. Bibi alitupa kila mmoja shilingi 20 ile ya tembo. Dada yangu alipanda pembea. Mimi nilinunua gubiti, naye akishuka namlambisha.

Basi Jumamosi nikaingia Kariakoo, nikakata Msimbazi, Congo, hadi Mtaa wa Swahili. Kijana mmoja mwenye ndoo za ubuyu akaniuliza, "Gubiti ndiyo nini, dada?" Nikamweleza, akanitolea pipi za kiwandani: "Hizi nazo nyeupe." Iliniuma. Neno lenyewe limeshaanza kumtoka mtu wa biashara hiyo hiyo!

Mzee muuza tende alikuwa akitusikia. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo huipati dukani. Nenda Magomeni, kuna mama anakaanga visheti, mwambie akuvutie."

Yule mama hapiki gubiti mpaka apate oda, na aliniruhusu nikae naye uani nione. Sukari, maji, ndimu kidogo ili shira isirudi kuwa chenga. Hakuwa na kipimo chochote. Alidondosha tone kwenye bakuli la maji baridi, akalitoa na kuligonga ukingoni. Lilipolia kama kete, akamimina shira yote kwenye sinia lililopakwa mafuta. Ikiwa bado inaunguza viganja, akaitundika kwenye msumari mnene uliopigiliwa kwenye nguzo, akavuta, akakunja, akaitundika tena. Ilianza na rangi ya asali. Kadiri alivyovuta hewa ikaingia, ikapauka, ikang'aa, mwisho nyeupe kabisa. Hapo ndipo akaupachika ule mstari mwekundu, akazungusha, akakata kwa mkasi.

Nikamuuliza kwa nini hapeleki madukani. Akasema joto la hapa na unyevu wake haviipi siku mbili: inavuta maji, inalainika, inashikana yote donge moja. Kumbe ndiyo maana utotoni ilikuwa haitoki kwenye karatasi! Miaka yote nilidhani ni uchoyo wa karatasi mbovu.

Alikuwa na vifuko vya plastiki. Nikamwomba anifungie kwenye karatasi ya daftari, akacheka, akamwita mjukuu wake alete la mwaka jana.

Jioni ile ile nikapanda daladala hadi Tabata kwa dada, kabla hazijalainika. Aliuma moja, akatoa kipande cha karatasi ulimini, akakitazama, akanyoosha mkono kuchukua ya pili.