Oili ya Gari la Spoti katika Joto la Malindi

Mafundi wengi wa hapa Malindi wana jibu moja kwa kila gari linaloingia garaji kubadilishwa oili, nalo ni 20W-50. Hoja yao ni kwamba mji wetu ni wa jua, jua huilegeza oili, na oili iliyolegea haiilindi injini. Basi mwenye gari na anunue oili nzito kuliko zote, alale usingizi. Kwa pikapu kuukuu inayobeba chumvi kutoka Gongoni sina ugomvi na ushauri huo. Ugomvi wangu huanza pale ushauri uo huo unapotolewa kwa Subaru Impreza yenye turbo, yaani feni inayoisukumia injini hewa ya ziada, gari ambalo injini yake iliundwa ikiwa na nafasi nyembamba sana kati ya vyuma vyake na ambalo mwenyewe hakulinunua ili aende nalo sokoni polepole.

Joto la nje na joto la oili ndani ya injini ni mambo mawili tofauti. Injini ikishapata moto, themostati huyaweka maji ya radieta karibu na nyuzi 90, na oili yenyewe, kwa mwendo wa kawaida, hukaa kati ya nyuzi 90 na 110 hivi, iwe gari liko Malindi au liko Limuru kwenye ukungu. Mchana wetu wa Machi, unaofika nyuzi 31 au 32, hauongezi mengi juu ya hapo maadamu radieta ni safi na feni inafanya kazi. Tena tusisahau kwamba magari haya yanatoka Japani, na Tokyo mwezi wa Agosti hufika nyuzi 35 bila mtu kushangaa. Wahandisi walioyaunda wanalijua jua. Kinachoipandisha oili joto kwelikweli ni mguu wa dereva: ukilikaza gari kwa muda mrefu katika barabara ya Sala, turbo ikipuliza na injini ikizunguka juu, oili hupita nyuzi 120, na hilo lingetokea hata kama mvua ingekuwa inanyesha.

Namba mbili zilizoandikwa kwenye mkebe hupimwa katika hali mbili zilizo mbali mno. Ile ya kwanza, yenye herufi W, ni ya baridi: oili ya 5W hupimwa jinsi inavyoiruhusu injini kuzunguka katika nyuzi 30 chini ya sifuri, na ya 20W katika nyuzi 15 chini ya sifuri. Hata friji za wauza samaki wetu ni shida kuifikisha injini kwenye hizo 30. Ya pili hupimwa katika nyuzi 100, na ni kipimo cha unene ambao oili hubaki nao ikiwa moto: daraja la 30 huanzia sentistoki 9.3 hadi kabla ya 12.5, la 40 huendelea hadi kabla ya 16.3, na la 50 hadi kabla ya 21.9. Msomaji anaweza kusema kwamba, kwa kuwa hapa hakuna baridi, namba ya kwanza haituhusu. Inatuhusu, ila kwa njia nyingine. Injini iliyolala usiku kucha huamka na oili ya nyuzi 25 au 26, na katika joto hilo 20W-50 huwa nzito takriban maradufu ya 5W-40. Hapo ndipo oili huchelewa kufika kwenye turbo na kwenye kamshafti, mihimili inayofungua vali, zilizo mbali na pampu, na sehemu kubwa ya uchakavu wa injini hupatikana katika dakika hizo za mwanzo.

Fundi wangu, mtu ninayemheshimu kwa mikono yake, hunijibu kwa geji. "Tazama, bwana, ukiweka nzito mshale unasimama juu." Ni kweli, mshale unasimama juu. Lakini geji hupima shinikizo, haipimi kiasi cha oili kinachopita. Oili nzito ikisukumwa katika njia nyembamba shinikizo hupanda kwa sababu inapingana na njia, na shinikizo likizidi, vali ya pampu hufunguka na kuirudisha oili kwenye sampu, bakuli lake chini ya injini, kabla haijafika ilikokusudiwa. Beringi za krenkishafti huelea juu ya utando mwembamba wa oili, na oili hiyohiyo ndiyo inayoondoa joto lake. Inayopita kidogo huondoa joto kidogo. Isitoshe, injini za turbo za Subaru za miaka ya karibuni hutumia shinikizo la oili kugeuza majira ya kamshafti kupitia vijia na vichujio vidogo, na mtambo huo haupendi oili isiyotaka kutembea. Gari huwa zito kuitikia, na mwenye gari huanza kulaumu plagi.

Basi mtu achague vipi? Jibu ni kitabu cha gari, na hapo ndipo sisi wanunuzi wa magari yaliyotumika tunapokwama, kwa kuwa kitabu kilichomo kwenye kasha la mbele, kikiwapo, ni cha Kijapani kuanzia jalada hadi jalada. Hata hivyo, namba hazikutafsiriwa. Fungua kurasa za mwisho palipo na majedwali, utafute "5W-30" au "5W-40" na herufi za API (Taasisi ya Petroli ya Marekani, inayopanga viwango vya ubora wa oili) kando yake, nazo zitakukodolea macho katikati ya maandishi usiyoyajua. Pia ufungue mlango wa dereva uangalie ubavuni. Magari mengi ya Japani hufika bandarini Mombasa yakiwa bado na kibandiko cha sevisi ya mwisho, chenye kilomita, tarehe na wakati mwingine aina ya oili. Tarehe yenyewe huenda ikakuchanganya: mwaka ulioandikwa 28 ni mwaka wa 28 wa enzi ya Heisei, yaani 2016. Nimeona watu wakikibandua kibandiko hicho siku ya kwanza ili mlango uonekane safi, na kila nikiona huumia kidogo.

Tuseme kitabu kimeruhusu 5W-30 na 5W-40, kama ilivyo kwa injini nyingi za namna hii. Kwa anayekwenda kazini na kurudi, 5W-30 nzuri inatosha. Kwa anayeliendesha gari lake kama lilivyokusudiwa, mimi huchagua 5W-40, na sababu yangu si jua. Kuna kipimo kingine cha unene kinachofanywa katika nyuzi 150 huku oili ikikamuliwa kwa kasi, mfano wa hali iliyomo ndani ya beringi injini inapofanya kazi ngumu. Oili ya daraja la 30 hutakiwa isishuke chini ya milipaskali-sekunde 2.9, ile ya 5W-40 isishuke chini ya 3.5. Pengo hilo ndilo akiba ya injini. Na akiba hiyo huliwa: injini ya turbo hulishwa petroli nyingi ikikazwa, sehemu ya petroli hupenya kando ya ringi za pistoni ikaingia kwenye oili na kuipunguza unene, na safari fupifupi za mjini, kutoka Barani hadi Casuarina na kurudi, haziipi oili joto la kutosha kuitoa. Oili iliyoanza ikiwa 40 inaweza kumaliza muda wake ikiwa na unene wa 30. Iliyoanza ikiwa 30 itamalizia wapi?

Herufi za API nazo zisipuuzwe, maana unene peke yake hauelezi ubora. Kwa injini za petroli herufi ya kwanza ni S, na inayofuata hupanda kwa mpangilio wa alfabeti kadiri kiwango kinavyokuwa kipya: SN ilianza 2010, SP ikaja 2020. Madukani bado ipo mikebe ya bei rahisi yenye SF, kiwango kisichofaa injini nyingi za petroli zilizoundwa baada ya 1988. Kuitia oili hiyo katika gari la turbo la kizazi hiki, hata kama unene umelingana, ni kuliua gari kwa bei ya chini. SP ina umuhimu wa pekee kwa injini zenye turbo na zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, mfano WRX za kuanzia modeli ya 2015 na Golf GTI, kwa kuwa petroli ndani ya injini hizo inaweza kuwaka kabla ya wakati zikivutwa kwa nguvu katika mizunguko ya chini, mlipuko unaoweza kupasua pistoni, na kiwango hicho kinaitaka oili ipimwe dhidi ya tatizo hilo.

Wenye magari ya Ulaya watazame zaidi idhini ya mtengenezaji kuliko namba. Porsche ina A40, BMW ina Longlife-01, Mercedes-Benz ina 229.5, na Volkswagen ina 502 00. Oili mbili zinaweza zote kuwa 5W-40 na moja tu ikawa na idhini inayotakiwa. Utafute neno linaloonyesha kwamba imeidhinishwa. Maneno kama "inafaa kwa" ni ahadi ya muuzaji.

Yapo magari yasiyoingia katika maelezo haya. Alfa Romeo ya kale, na mji huu wenye Waitaliano wengi haukosi mtu wa kuitunza moja, ilikuja wakati oili nzito ndiyo iliyokuwa kawaida, na vikombe vya vali zake hukwaruzana moja kwa moja na kamshafti, kwa hivyo huhitaji zinki na fosforasi kwa wingi kuliko zinavyoruhusiwa katika oili nyepesi za leo. Huyo na apewe 20W-50 yake kwa heshima zote. Mazda RX-8, kwa upande mwingine, huichoma oili kwa makusudi: injini yake ya rota hudungiwa oili kidogo kidogo ili kuilainishia pembe za rota, na mwenye gari hilo asiyepima oili mara kwa mara atashtukia sampu imekauka wakati hakuna tone lililovuja.

Kwa turbo, chagua sintetiki. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, kandokando ya moshi wa moto mkali, na oili ya kawaida ikikaa hapo baada ya injini kuzimwa huungua na kuacha masizi magumu yanayoziba njia. Sintetiki huvumilia zaidi, lakini haijapewa kinga ya mwendo wa kijinga. Ukitoka Kilifi mbio, kilomita za mwisho baada ya Gede ziende kwa upole, na ukifika uache injini ingurume dakika moja mbili kabla ya kuizima.

Kijiti cha kupimia kinaeleza mambo mengi kuliko watu wanavyodhani. Gari lisimame pahali tambarare, injini imezimwa kwa dakika kadhaa, ukifute kijiti, ukizamishe, kisha usome pande zote mbili, ukiamini upande unaoonyesha oili kidogo zaidi, kwa kuwa injini za Subaru zilizolala ubavuni zina tabia ya kukipaka kijiti oili njiani kinapotoka. Halafu unuse. Ikinuka petroli waziwazi, muda wa kuibadilisha umefika hata kama kilomita hazijatimia. Sugua tone baina ya kidole gumba na cha shahada. Chenga zozote unazozihisi ni habari ya kumpelekea fundi siku hiyohiyo. Weusi peke yake si kasoro, oili inayosafisha lazima ichafuke. Kuhusu muda, mimi hubadilisha kila kilomita 5,000, hata na sintetiki ambayo Ulaya ingeachwa iende mara mbili ya hapo, kwa sababu ya vumbi letu, safari fupi na turbo. Filta hubadilishwa pamoja na oili, na iwe ya asili, maana vali iliyo ndani ya filta za bei rahisi huenda ikafunguka kwa shinikizo dogo kuliko inavyohitaji injini hii, oili ikapita bila kuchujwa.

Juu ya oili bandia sitasema mengi. Nunua katika kituo cha petroli au kwa wakala anayejulikana, angalia kifuniko na karatasi ya ndani, linganisha namba za toleo kwenye mikebe ya sanduku moja. Ukishamimina, utoboe mkebe mtupu mbele ya macho yako. Mkebe mzima wenye jina kubwa una soko lake, na anayeununua hana nia ya kutilia maua.

Katika safari za kaskazini, kuelekea Garsen au Mokowe kwa anayekwenda kuvuka Lamu, beba lita moja ya oili ileile iliyomo kwenye injini, kwa sababu ukishapita Marereni huenda usipate ila 20W-50 au daraja la 40 tupu, lisilo na namba ya W. Ikitokea oili imeshuka na lita yako imekwisha, ongeza hiyo hiyo ya dukani mpaka ifike alama ya juu, usizidishe. Oili za injini zenye viwango vya API hutakiwa ziweze kuchanganyika, na mchanganyiko usiopendeza ni bora mara nyingi kuliko sampu iliyopungua, hasa katika kona ndefu ambapo oili hukimbilia upande mmoja na pampu kuvuta hewa. Ukirudi mjini, imwage yote ikiwa bado ina moto, weka filta mpya, na urudie oili yako.