Roma kwa kuongozwa na sarafu

Ndege ilipoinama kuelekea Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, chini palitokea ziwa lenye pembe sita, kila ubavu kama mita 358. Ziwa la asili haliwi hivyo. Lile ni bandari aliyoichimbisha kaisari Trajan mwanzoni mwa karne ya 2, na mkusanyaji wa sarafu za Kirumi anaijua sura yake kabla hajafika Italia, maana iko upande wa nyuma wa sesterti, sarafu kubwa ya shaba, yenye maneno PORTVM TRAIANI (bandari ya Trajan): maghala yamezunguka pembe sita, meli zimetulia katikati. Kaisari Nero alitangulia miaka kama 50 kwa sarafu inayoonyesha bandari jirani ya Claudius, gati zake zikijikunja kama mikono miwili, mungu wa maji amejilaza chini. Zote mbili zimechorwa kutoka juu, kama anavyoziona abiria wa kiti cha dirishani.

Treni ya moja kwa moja huchukua dakika 32 hadi Termini, stesheni kuu ya Roma, na jumba la makumbusho la Palazzo Massimo liko hatua chache kutoka hapo. Jumatatu hufungwa. Wageni wengi hukimbilia juu kwenye kuta zilizochorwa bustani za nyumba ya Livia, mke wa kaisari Augusto. Sarafu ziko chini ya ardhi, na huko hapana msongamano. Usisimame mahali pamoja. Sogea kushoto na kulia mpaka mwanga uiguse sarafu kwa ubavu, ndipo herufi zilizolika zinajitokeza.

Hapo ndipo pa kujifunza aina. Sesterti ya karne ya 1 ni shaba iliyochanganywa na zinki, gramu 25 hivi, upana wa milimita 33 hadi 35. Nne zilifanya dinari moja ya fedha, yenye milimita 18 tu; ndiyo maana majengo makubwa zaidi hutafutwa kwenye sesterti. Msomaji wa Kiswahili ana urithi humu bila kujua: dinari yetu imepita kwa Waarabu na Wagiriki ikitoka denarius ya Kilatini, na fulusi imetembea njia hiyohiyo kutoka follis, mfuko wa pesa.

Kanuni ya taji huokoa muda mwingi. Tangu Nero, kaisari mwenye taji la miale kwa kawaida anaonyesha thamani maradufu, na mwenye taji la majani anaonyesha thamani ya kawaida. Mwaka 215 kaisari Caracalla aliitumia kanuni hiyo vibaya: alitoa sarafu yenye miale, ambayo leo huitwa antoniniano, inayodhaniwa kuwa ya dinari mbili huku ikiwa na fedha ya dinari moja na nusu tu. Kufikia miaka ya 260 kiasi cha fedha ndani yake kilishuka chini ya 5 kwa 100. Ukiona antoniniano ya kaisari Gallienus, wa miaka hiyo, inang'aa, ni ngozi nyembamba tu juu ya shaba, ukiisugua, umeimaliza.

Kesho yake nilishuka Foro, uwanja mkuu wa Roma ya kale. Tao la Septimius Severus, kaisari mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, lilisimamishwa mwaka 203. Juu yake leo ni patupu. Sarafu zake zenye maneno ARCVS AVGG zinaonyesha kilichopotea: gari la kukokotwa na farasi sita, na wapanda farasi pembeni. Kisha soma mstari wa nne wa maandishi ya tao. Mashimo ya kushikizia herufi za zamani za shaba hayalingani na herufi zilizochongwa sasa, kwa sababu hapo palikuwa na jina la Geta, mtoto mdogo wa Severus. Kaka yake Caracalla alimuua mwaka 211 na kuamuru jina lifutwe. Agizo lilifika mbali: zipo sarafu za Stratonikeia, Asia Ndogo, zilizochapwa nyuso mbili zikitazamana, na uso wa Geta umekwanguliwa kwa patasi. Hizo usizihesabu kuwa zimeharibika. Mkwaruzo ndio habari yenyewe.

Tahadhari moja: usitumie sarafu kuhesabu nguzo. Hekalu la nguzo sita mara nyingi huchorwa na nne, na zile za katikati husukumwa kando ili sanamu ya mungu aliye ndani ionekane. Kwa sehemu ya juu ya jengo sarafu ni shahidi bora zaidi. Nguzo ya Trajan ina mtume Petro kileleni tangu 1587; dinari ya Trajan inamwonyesha Trajan mwenyewe hapo kileleni, na tai wawili kwenye kitako.

Kupanda kanisa la Aracoeli, juu ya kilima cha Kapitolino, ni ngazi 124, na wengi hupanda kwa ajili ya kanisa. Kilele hiki ndipo lilipokuwa hekalu la mungu wa kike Juno Moneta, na karakana ya sarafu ilikuwa jirani yake. Waitaliano wanaita sarafu moneta hadi leo.

Kuhusu kununua. Maduka ya sarafu yapo, na mwenye duka makini hakatai mizani. Chukua mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01 na kioo cha kukuza mara 10. Dinari ya karne ya 2 hukaribia gramu 3.2; ukipata 2.4, angalia ukingo: huenda ni ya shaba iliyovishwa fedha, ghushi ya zamani zile zile, na ina bei yake. Ghushi ya leo iliyomiminwa ina vitundu vidogo vya hewa, herufi zenye kingo butu kama sabuni iliyotumika, na wakati mwingine mstari wa kuungia umezunguka ukingoni. Kwenye sesterti kubwa shida ni nyingine: nywele na majani ya taji vimechongwa upya juu ya shaba iliyolika, na uwanja unaozunguka kichwa umelainishwa mno. Unga wa kijani kibichi unaopukutika ukiguswa ni ugonjwa wa shaba, kloridi na unyevu vikila shaba yenyewe. Sarafu hiyo itenge na nyingine, na usijaribu kuisafisha kwa siki. Mifuko ya plastiki laini ya PVC nayo huacha utelezi wa kijani. Omba risiti yenye picha, uzito na historia ya umiliki, na kibali cha kuitoa nchini: kilichofukuliwa ardhini Italia ni mali ya serikali.

Nilimalizia kanisa la San Clemente, karibu na Colosseum. Unashuka ngazi za kanisa la karne ya 12, unapita kanisa la karne ya 4, unafika uchochoro wa Kirumi ambapo maji yanasikika yakikimbia gizani. Ukuta wa mawe makubwa upande mmoja unadhaniwa kuwa wa karakana ya sarafu iliyohamia huku baada ya Aracoeli. Maandishi ya mwaka 115 yaliyopatikana jirani yanataja kazi zao: suppostores walioweka kisahani cha metali, malliatores waliopiga nyundo. Muhuri wa chini ulikazwa kwenye fuawe, wa juu ukashikwa mkononi, kisahani cha moto katikati, pigo moja au mawili. Kisahani kikikaa pembeni, nusu ya jina inakatika. Muhuri ukiruka, kaisari anapata pua mbili. Na mwekaji akisahau kuitoa sarafu iliyonasa kwenye muhuri wa juu, kisahani kinachofuata hupigwa na sarafu badala ya muhuri: upande mmoja kaisari ametokeza, upande wa pili ni kaisari yuleyule, amebonyea ndani na kugeukia kinyume.