Kushoto kwanza

Jamani, mikono bado inanitetemeka.

Leo jioni nimetoka kazini hapa Ruwi, Maskati. Nilikuwa navuka barabara niende kupanda basi. Nikaangalia kulia kama nilivyofundishwa utotoni Tanga, nikaona kweupe, nikashuka.

Gari lilikuwa linatokea kushoto.

Nilisikia breki kabla sijaliona. Lilisimama karibu kiasi kwamba nilihisi joto la injini miguuni.

Akateremka mzee wa makamo, kanzu nyeupe, kofia ya nakshi. Nikajua leo nitatukanwa Kiarabu chote. Mimi mdomo ukajisemea wenyewe: “Mama yangu!”

Yule mzee akashtuka. Akanitazama, kisha akasema, kwa Kiswahili cha Unguja kabisa:

“Mwanangu, huku gari zatokea kushoto. Si kama kwetu.”

Kwetu!

Machozi yakanitoka palepale. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba. Akanishika kiganja kama mtoto wa chekechea, akanivusha mpaka ng'ambo, gari lake limeachwa katikati, watu wanapiga honi. Wala hakugeuka.

Nina miezi 7 hapa. Kichwa kinajua kwamba Omani wanaendesha upande wa kulia, ila shingo haijakubali. Nikichoka ndiyo kabisa, inageukia Tanga.

Sijampigia mama. Atasema nirudi.

Mlio nje, nyie mlizoea baada ya muda gani? Mnafanyaje mkiwa mmechoka? Niambieni, kesho asubuhi navuka palepale.